Doa Jekundu Ukingoni mwa Mto

Walimwita Gumba kwa sababu alipaka rangi kwa kidole gumba. Brashi, alisema, ni ya wavivu. Maisha yake yote alichora vibao vya vinyozi na mabucha. Lakini ujanani, alipokuwa mwanafunzi katika karakana ya Mwalimu, mchoraji mwenye jina, alichora mto wenye hasira, maji yakigombana na mawe. Ukingoni aliweka doa jekundu: mchumba wake na gauni lake. Desturi ya karakana ilijulikana: mwanafunzi huchora, Mwalimu hutia sahihi.

Mchumba akawa mke, mke akawa marehemu, na mto ukatundikwa makumbusho kwa jina la Mwalimu. Kila Jumapili Gumba alikwenda kumwangalia mkewe.

"Shikamoo mzee. Umekuja kumwona mama?" mlinzi humuuliza. "Ila usiguse."

"Marahaba. Leo hajanuna, namshukuru Mungu."

Angetosheka na hapo! Lakini kiharusi kilipompoozesha mkono wa kulia, aliingiwa na hofu ya kufa bila jina. Akaenda kwa wakubwa wa makumbusho, akasema mto ule ni wake.

"Kaka, usichokoze nyuki," dada yake alimwonya. "Wifi yangu unamwona bure. Unataka nini tena?"

"Nataka wajue nilimchora mimi."

Wataalamu wakamwekea turubai na rangi, wakamwomba achore maji kidogo tu. Mkono wa kulia ulilala pajani, haumsikii. Akajaribu wa kushoto. Mto ukatoka kama uji uliomwagika. Mtu mzima yule akalia mbele yao bila kuona haya. Mama mmoja kati yao akamfuta vidole kwa kitambaa.

"Hatusemi unadanganya, baba. Ila sasa hata sisi tuna shaka mto ule ni wa nani."

Jumapili ikafika. Ukutani palibaki msumari.

"Wameipeleka stoo, mzee," mlinzi alisema, macho chini. "Picha isiyojulikana ni ya nani haitundikwi."

Gumba alimshika shati. "Waambie ni ya Mwalimu! Waambie nilidanganya, mimi mzee mwongo!"

"Mzee wangu, nani atakuamini sasa?"

Mtaka yote hukosa yote. Alilijua hilo tangu utoto, na halikumsaidia kitu. Akausogelea ukuta, akaweka kidole gumba cha kushoto pale ulipokuwa ukingo wa mto. Mlinzi hakumkataza kugusa.