Tundu Nililomzibia Shangazi

Siku ile naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu umeniambia umeanza kazi ya kufunga hita za gesi. Najua ukinijibu utanijibu kwa Kiingereza. Sawa, lakini kusikia, nisikie kwa Kiswahili.

Ni miaka kumi na kidogo sasa. Kazi nilijifunzia hapa Marekani, mji wa Louisville, kule Shively, kwa Mzee Balthazar, Mrundi mpole ambaye hakuinua sauti hata bati lilipomkata kidole. Ndiye aliyenifundisha kwamba hita haitoi joto tu, inavuta pia: hewa iliyopoa vyumbani huingia kwenye tundu lenye wavu, hushuka kwa bomba la bati, hupita kwenye filta na kuacha vumbi lake, kisha hupashwa moto na kurudishwa juu. Akanipa sharti moja. Hewa ya kurudi itoke kule wanakoishi watu, isivutwe kamwe pale chini karibu na moto. Akanieleza na sababu, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nikiwaza chakula. Baada ya miezi minane nikajiona fundi kamili, nikamuaga.

Nikahamia Buffalo kwa Shangazi Esteria, aliyenilea. Wazazi wangu walibaki njiani tulipokimbia kutoka milima ya Kivu Kusini, na yeye ndiye aliyebaki na majina yetu yote. Kila asubuhi aliomba kwa kututaja mmoja mmoja, kisha akamshukuru Mungu kwa waliotangulia, mpaka babu za babu, na mtoto gani alizaliwa siku ya mvua gani. Mara nyingi nilimwahidi kwamba nitayaandika. Nilisema Jumapili ijayo.

Nyumba yetu ya mtaa wa Kensington-Bailey ilikuwa ya zamani, na wavu wa hewa ya kurudi ulikuwa sakafuni sebuleni, mbele ya kiti chake. Hewa iliyopoa ilimpita miguuni ikielekea kwenye wavu, naye magoti yalimsumbua tangu kambi ya wakimbizi. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, iyi tundu inaniletea baridi mu magoti. Bon, uifunge tu."

Sisi tulivyolelewa, mkubwa akisema hivyo humwambii hapana. Ningeweza kukisogeza kiti. Hebu fikiria, mwanangu, kiti tu. Lakini nilitaka aone kwamba mtoto aliyemlea ni fundi. Nikaufunika wavu kwa ubao na zulia, nikashuka chumba cha chini, nikakata tundu jipya kwenye bomba la bati, hatua mbili kutoka kwenye hita na tangi la maji ya moto, nikaweka filta mpya hapo. Hita ikawaka. Shangazi akanibariki kwa mikono yote miwili, na kichwa kikanivimba.

Wiki hiyohiyo akina mama wa kanisa walikuwa na maombi ya kufunga ya siku tatu, na walikusanyika sebuleni kwetu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya theluji. Siku ya pili vichwa vikaanza kuwauma, na mmoja akatapika. Wengine walisema ni njaa ya saumu, wengine wakasema adui anapigana na maombi. Shangazi alikulia kwenye moto wa kuni, na kwake moto wenye hatari ulijulikana kwa moshi wake. Hapakuwa na moshi. Basi wakazidi kuomba. Hata mimi kichwa kiliniuma kila nilipoamka, nikasema ni uchovu wa ghala la Tonawanda nilikokuwa nafanya kazi.

Siku ya tatu mchana, wakati wa mapumziko pale ghalani, nilimpigia simu Mzee Balthazar kumsalimu. Katika maongezi nikamtania kwamba akina mama wetu wamelewa saumu. Akaniuliza wanaumwa nini, nikamtajia vichwa, kutapika, na hita niliyoirekebisha.

"Hewa ya kurudi umeivuta kutoka wapi?" akauliza.

Nikamwambia. Hakunikaripia. Kwa sauti ileile ya siku zote akasema, "Kijana wangu, watoe watu nje sasa hivi. Mimi utanisikiliza siku nyingine."

Simu ya nyumbani haikupokelewa. Nikawapigia zimamoto, nikaendesha gari huku nalia. Feni ya hita ilikuwa ikivuta hewa ya chumba cha chini kwa nguvu, hata hewa chafu ya moto wa tangi la maji, badala ya kupanda bomba lake kwenda nje, ikarudi ndani na kusukumwa sebuleni. Haina rangi wala harufu. Ni ileile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa. Niliwakuta akina mama wameketi kwenye theluji wamefunikwa mablanketi, wengine hawana viatu. Shangazi alitolewa kwa machela.

Wenzake walipona, na yeye pia tulidhani amepona, maana alirudi nyumbani akatupikia. Baada ya wiki tatu majina yakaanza kumtoka. Yalianza ya waliokufa, yakafuata yetu. Daktari akasema hewa ile huweza kufanya hivyo baadaye. Kanisani walisema ni ajali, nami niliwaacha waseme hivyo mwaka mzima. Aibu hiyo bado ninayo.

Binti yake akamchukua Columbus. Nilipokwenda kumwona nilipiga magoti, nikamweleza kosa langu lote bila kuficha. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni.

"We njo nani?" akaniuliza.

Nikamwambia mimi ni fundi wa hita. Akanishika mkono.

"Bon, fundi, uangalie muzuri. Mu nyumba muko watu."

Mwanangu, majuto ni mjukuu, na wangu nimeshamlea. Wewe usimzae. Heshima si utumwa: mkubwa akikuomba jambo la hatari, mwambie hapana kwa unyenyekevu, kisha msogezee kiti. Jambo usilolijua mpaka mwisho wake, muulize aliyekufundisha kabla hujakata bati. Wavu uachwe wazi, filta ibadilishwe, na vichwa vya watu wa nyumba vikiuma pamoja, tokeni nje kwanza. Mungu husikia hata kwenye theluji. Na majina ya wazee wako yaandike leo, usisubiri Jumapili.

Mungu ailinde mikono yako na nyumba zote itakazozigusa. Akupe wakubwa watakaolikumbuka jina lako mpaka siku yao ya mwisho, nawe uwepo hapo kuitika.