Achia

Yule kipa aliyeishi Bellevue amefariki, wasomaji wangu, nami nimerudi kutoka mazikoni Malvern. Shule niliiacha darasa la nne, mtanivumilia nikizunguka, lakini mpira naujua, na msimu ule alioidakia timu ya chuo niliuona wote kutoka nyuma ya goli, nimekaa kwenye kiti changu cha kukunja. Kipa huyo, kijana wa Bukavu, alidaka hadi penalti, na chuo kilikuwa kinamsomesha kwa ajili ya mikono ile.

Mechi ya mwisho walihitaji sare tu. Ikaja krosi nyepesi, ya kudakwa na bibi yangu. Kipa akapaza sauti: “Achia!” Kwao Kongo, maana yake niachie mimi. Beki wake alikuwa Mtanga mwenzangu, na kwetu uwanjani achia ni piga kwa nguvu zote. Akapiga. Mpira ukamgonga kipa aliyekwisha kuruka, ukajaa wavuni, ubingwa ukaenda. Beki alipoulizwa akasema kipa alikurupuka bila kuita. Chuo kikamwondoa kipa, masomo yakaishia hapo, akaenda kulinda geti Randburg mpaka moyo wake uliposimama. Nilisikia alivyoita, nikanyamaza kwa kuwa beki ni wa kwetu. Tena jina la utani la Achia, la kumcheka kipa, nililianzisha mimi, humu humu kwenye safu hii, likamfuata kwenye kila robot, taa za barabarani, ya Jules Street.

Jana mazikoni beki, kitambi mbele, akashika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa ndugu yake. Nikatema mate chini, kisha nikaona nimejitemea mwenyewe, maana mjane alinisogelea akasema, “Mzee, kwetu kuachilia ni kusamehe. Nilimuulizaka kama ndiyo maana ya jina lake, akasema ndiyo.”

Nikamweleza yote, beki akisikia. Mama yule akaniangalia.

“Alikuwa anajua kama ni weye ulimupa jina?”

“Alijua.”

“Na alikuwa anakusalimia?”

“Kila siku, mama.”

Akarudi kwa watoto wake. Mpira ule ulichukua sekunde tatu, jamani. Miaka yote iliyofuata tuliimaliza sisi kwa vinywa vyetu, na cha kwangu ndicho kilichonuka zaidi. Ukijua ukweli wa mtu, useme angali anaweza kuusikia.