Aliyebonyeza Matangazo Yangu Kila Asubuhi

Admin, jina langu lifiche, lakini mtaa wangu wa Munyaka, hapa Eldoret, unaweza kuuacha. Tuko wengi huku na hakuna atakayenijua. Nina miaka arobaini na tatu. Sina mume, sina mtoto, na dada yangu wa pekee alihamia Nyahururu baada ya ghasia za uchaguzi, akaapa harudi Eldoret hata kwa mazishi. Naishi chumba kimoja na redio. Kuna siku jioni hufika nikagundua neno pekee nililotamka tangu asubuhi ni "asante" kwa muuza mboga.

Upweke huo ndio ulionifanya nifungue tovuti ya mapishi. Nilianza na vyakula vya mama yangu, mukimo wa viazi vya kupondwa na githeri ya mahindi na maharagwe. Baadaye nikaongeza hata mursik, yale maziwa ya kibuyu yanayotiwa makaa, kwa sababu tulipokuwa tukiishi Yamumbi jirani yetu mmoja alinifundisha kuyatengeneza nikiwa msichana. Jina lake sikulitaja. Kampuni moja ya matangazo ya mtandaoni ikanikubali, ikaweka matangazo yake kwenye kurasa zangu, na mtu akibonyeza nami napata kitu kidogo. Kwa furaha nikaandika chini ya kila pishi: "Mpendwa, usiondoke bila kubonyeza tangazo, ndilo linanisaidia." Niliona ni kama kupitisha kikapu kwenye harambee, kila mtu atoe alichojaliwa. Kumbe kwao hilo ni kosa kubwa, mwenye tovuti haruhusiwi kuwaomba wasomaji wabonyeze.

Na walibonyeza, jamani. Nilikuwa naamka nakuta hesabu zimepanda, natabasamu peke yangu kama mjinga. Hata sura niliwapa hao watu. Kuna mama fulani niliyemweka Kisumu, na kijana mmoja nikampeleka Uarabuni akiwa na hamu ya chakula cha nyumbani. Kila nikiandika nilikuwa nawasalimu kwanza, nawauliza wameamkaje.

Mwezi jana matangazo yakatoweka. Kampuni ikaniandikia kwamba kubonyeza kwenye tovuti yangu si kwa kawaida, karibu kote kunatoka kwenye simu moja, na kama nina maelezo nina nafasi moja tu ya kuomba nikaguliwe upya. Nililia, na wala si pesa nilizolilia. Niliwalilia wale watu wangu. Wote walikuwa mtu mmoja.

Nikarudi kusoma vizuri maoni yaliyoachwa chini ya mapishi, maana nilikuwa nayapitia juu juu. Mengi yalikuwa ya mtu aliyejiita Msomaji wa Kapseret. Chini ya mursik alikuwa ameandika: "Mama yako alikuwa anapenda yenye makaa mengi, mpaka mnamcheka meno yalivyokuwa meusi." Hilo ni jambo la jikoni kwetu. Ukiniondoa mimi na dada, aliye hai anayelijua ni Mama Chebet, yule jirani wa Yamumbi.

Niwaeleze ni nani. Yeye na mama yangu walikuwa wakiazimana hata moto. Ule mwaka wa uchaguzi, asubuhi nyumba za watu wa kabila letu zilipoanza kuchomwa, tulikimbilia kwake kwanza. Mama aligonga lango akimwita kwa jina. Tuliona pazia likisogea, lakini lango halikufunguliwa. Tukakata mashamba hadi mjini, tukaishia kwenye hema, na baridi ya lile hema ndiyo iliyomwondoa mama kabla mvua hazijaisha. Nilimchukia Mama Chebet kuliko hata waliobeba moto, kwa sababu wale sikuwajua.

Nilimjibu pale pale kwenye maoni, nikamwachia namba yangu. Akapiga. Sauti imezeeka. Nilitaka kumuuliza habari ya lango, nikajikuta nauliza habari ya matangazo. Akanijibu bila haraka:

"Ni mimi nilikuwa nafinya. Chebet alinionyesha hiyo kitu yako kwa simu, nikaona ile ya mursik vile nilikufundisha, nikajua ni wewe. Uliandika inakusaidia. Sasa nikimaliza kukamua, nakaa chini, nafinya zote."

Kisha akasema ambalo sikuwa nimeuliza.

"Ile siku nilisikia mama yako akiniita. Vijana walikuwa wamepita wakasema nyumba itafungulia mtu itachomwa na wenyewe wakiwa ndani. Nilikuwa na watoto. Sikufungua."

Sikumwambia nimemsamehe, na sikumtukana. Nilimweleza tu, kama karani wa ofisi, kwamba kufinya kwake ndiko kulikoniharibia tovuti. Alishtuka, akaomba msamaha kwa hilo, mpaka nikaona haya. Mwisho akauliza kama basi anaweza kuja Jumamosi na maziwa, tuketi kidogo. Nikasema nitampigia, na mpaka sasa sijapiga. Nilimpigia dada badala yake. Akaniambia nikimkaribisha huyo mwanamke ndani ya nyumba, nisimhesabu yeye tena kuwa ndugu yangu.

Ombi la kukaguliwa upya liko mbele yangu. Maneno ya kuomba watu wabonyeze nimeyafuta, kosa langu nimelieleza. Limebaki swali moja: unamfahamu aliyebonyeza, na ni nani kwako? Niliandika "jirani", nikafuta. Nikaandika "aliyetufungia lango mama yangu akimwita", nikafuta. Jana vidole vikaandika "mama". Nikazima simu, nikatoka nje kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Dada ndiye damu yangu pekee iliyobaki, na hunipigia Krismasi. Huyu mwingine amekuwa akinitafuta kila asubuhi. Jumamosi inakaribia, na jibu litatumwa mara moja tu. Nawaomba ushauri wa upole, matusi nimeshajitukana mwenyewe: huyu nimwandike ni nani kwangu?