Mikorosho Aliyonipa Baba

Msimu uliopita nilimfukuza baba yangu chini ya mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake. Nilimfukuza huku jirani akisikia, kwa sauti ambayo hata mbwa wa watu hafukuzwi nayo, naye akachukua kikapu chake akaondoka bila kunitazama. Watu wa Marambo wana maneno yao juu ya asubuhi ile, na sehemu kubwa ya maneno hayo ni kweli.

Ila mwanzo wake hawausemi. Yule mzee si baba aliyenizaa. Mimi ni mtoto wa kufikia. Mama aliingia katika nyumba ile akiwa amenibeba mgongoni, na mzee akanipokea kama mtu aliyerudishiwa mzigo wake alioupoteza stendi. Alinifundisha kupulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu, na kufagia chini ya mti kabla korosho hazijaanza kudondoka. Mama alipofariki, nilibaki naye. Mtoto wake wa kumzaa, kaka yangu, alikuwa ameshahamia Chinongwe, upande wa Ruangwa, na tulikuwa tunamwona Idi kwa Idi.

Mzee alipoanza kuishiwa pumzi akipanda kilima kidogo cha shambani, nikaingiwa na hofu. Katika sheria ya dini yetu, mtoto wa kufikia harithi. Angeweza kuniandikia wosia, lakini wosia hauvuki theluthi ya mali, na shamba lile la mikorosho ni zaidi ya nusu ya vyote alivyokuwa navyo. Miaka miwili nilimwomba twende kwa wajuzi tukaulize. Miaka miwili alinijibu, "Unaniharakisha niende wapi?" Kwa wazee wetu, kutaja mirathi ukiwa mzima ni kumkaribisha Izraili chai.

Halafu siku moja, bila kuambiwa na mtu, akavaa kanzu akasema twende Nachingwea mjini. Msaidizi wa kisheria aliyetupokea alikuwa mama mmoja mkavu wa maneno. Alinitoa nje kwanza, akazungumza na mzee peke yake mpaka akaridhika kwamba hajalazimishwa na mtu. Nilichukia, lakini leo namshukuru. Nilipoitwa ndani nilimkuta akimuuliza, "Na wewe mzee, utakula nini?" Baba akajibu kwamba nyumba na shamba la ufuta vinabaki vyake. Mikorosho ananipa mimi, sasa hivi, akiwa hai. Hiyo ndiyo hiba.

"Sawa," yule mama akasema. "Tutaandika, na mashahidi watatia sahihi. Lakini karatasi peke yake haitoshi. Hiba ni mkono mmoja kuachia na mwingine kupokea. Mzee, ukishatoa, usiingie tena kuokota kama mwenyewe. Ukiendelea, siku ukilala kaburini watasema hukutoa kitu, ulikuwa unaongea tu."

Sheikh wetu kijijini naye akasema vilevile. Baba alisikia, akaitikia, na kesho yake alfajiri, baada ya swala, nikamkuta shambani na kikapu. Nikamkumbusha. "Nimetoa shamba, mwanangu," akasema. "Miguu sijaitoa."

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu sikucheka, maana kaka alikuwa amepata habari. Jirani yetu, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, aliniita pembeni akaniambia, "Dada, kaka yako ananipigia simu kila mara. Anauliza kama mzee bado anaokota. Mimi uongo siuwezi."

Baba alipokuja tena na kikapu, ndiyo asubuhi niliyomfukuza. Nilitaka jirani asikie, tena asikie vizuri, ili akiulizwa awe na la kujibu. Nilipomaliza kufoka nilikaa chini ya mkorosho nikalia. Nilijichukia, na papo hapo nilijua kwamba kesho akirudi nitafoka tena.

Hakurudi. Siku tatu hatukusemezana zaidi ya shikamoo na marahaba.

Siku ya nne kaka akafika shambani na pikipiki, nyuma yake mwenyekiti wa kijiji na wazee wawili kwa miguu. Hakunisalimia. "Damu nzito kuliko maji," akawaambia. "Mzee hajatoa shamba, huyu ndiye anamlisha maneno. Subirini kidogo tu. Saa hizi atakuja na kikapu chake kama kawaida, mtaona wenyewe shamba ni la nani."

Na kweli, nikakiona kikapu kinakuja njiani. Akiingia tu, akainama akaokota korosho moja kwa mazoea yake, basi, miaka yangu yote pale imekwisha. Na nisingeweza kumpigia kelele, kwa sababu wangesema ndiyo hayo, analishwa maneno. Baba alikuwa anatembea polepole, macho chini. Alifika kwenye mstari wa minyaa tulioupanda kuwa mpaka. Akasimama. Akaweka kikapu chini.

"Hodi," akasema. "Hodi, mwenye shamba."

Mwenyekiti akanigeukia, na wale wazee wakanigeukia, wote wanangoja jibu kwangu.

"Karibu, baba."

"Naomba mabibo mawili, nina kiu."

"Chukua, baba."

Akaingia, akaokota mabibo mawili, akanyonyoa korosho zake akaniwekea kiganjani, yeye akatoka na mabibo. Mwenyekiti akakohoa, akasema ameona alichokiona. Kaka aliwasha pikipiki akaondoka bila kuaga, na hadi leo hajatia mguu pale. Simlaumu sana. Yeye ni damu, na mimi nilibebwa mgongoni.

Nilidhani mambo yameisha. Nikamwambia baba aache ile hodi sasa, waliotakiwa kuona wameona, aingie apendavyo.

"Nikiiacha nitasahau," akasema. "Nikisahau utaumia wewe, na mimi sitakuwepo kukutetea."

Juma lililopita nilichelewa mashineni, foleni ya kusaga ilikuwa ndefu. Nilipofika shambani jua lilikuwa limeshapanda. Baba alikuwa nje ya minyaa, amekaa juu ya kikapu alichokifudikiza, kanzu imelowa jasho. Kivuli cha mkorosho kilikuwa hatua mbili mbele yake.

"Nimepiga hodi tangu asubuhi," akasema. "Hakuna aliyeitika."