Kilichopita Kwenye Chujio

Kwa miaka kumi na tisa fundi wa maabara alifanya kazi na vidole vyake kwenye barafu, wenzake wakamwita Mama Baridi, ingawa ulimi wake ulikuwa wa moto. Kazi yake ilikuwa kukamua RNA, maagizo ambayo chembe hai hujiandikia, kutoka kwa bakteria wa kuhara damu. Bosi wake, daktari mkuu, alitaka vile vipande vidogo kabisa. Havitengenezi chochote, hunata tu kwenye agizo lingine na kulinyamazisha, na kwa njia hiyo bakteria hujua lini ajifiche, lini atoe sumu. Ni vitu dhaifu mno. Kidole kitupu kikigusa kichupa, vimekwisha.

Ndiyo maana asubuhi ile, picha ya vipimo ilipotoka tupu pale chini, mahali ambapo vipande vifupi huonekana, daktari alimtazama fundi mikono.

"Umeshika bila glavu."

"Sijashika."

"Mama, mvi hazimkingi mtu na uzembe. Barua ya kukuachisha kazi iko mezani, inangoja sahihi yangu."

Wanafunzi wawili wakainamia darubini zao, zote zimezimwa.

"Chujio hili uliniletea wewe juzi, eti lina kasi," alisema fundi. "Nikakwambia linashika RNA ndefu, fupi zinapita na maji. Ukaniuliza nani daktari hapa."

"Na bado nauliza."

"Daktari ni wewe. Mimi ni yule asiyemwaga maji kabla ya kuona picha."

Akatoa kwenye friji kichupa cha maji yaliyopita, yale ambayo kila fundi huyamwaga sinkini. Akayaongezea spiriti ili vile vifupi navyo vinate, akayapitisha kwenye chujio la zamani. Akafanya kazi mpaka saa nane mchana. Kisha picha ya pili ikatoka: chini kabisa, mstari mwembamba kama kope.

"Ulinificha," alisema daktari.

"Nilikuhifadhia. Sasa andika daftarini nani alichagua lile chujio."

Daktari akaichana barua, akaiangusha miguuni pa fundi. "Haitoshi hiyo?"

"Haitoshi. Mwezi ujao utaandika nyingine."

Daktari akaandika, kalamu ikikaribia kutoboa karatasi. Fundi alisoma neno kwa neno, midomo ikicheza, kisha akamrudishia daftari.

"Hujaweka tarehe."