Nyama Nisiyoila Al Wukair

Nilipopelekwa Al Wukair, katika nchi ya Waarabu, kulea watoto, nilijua shida yangu ingekuwa chakula. Kwetu, milimani karibu na Mbale, sisi ni Wayahudi tangu enzi za babu yangu. Nyama tunakula iliyochinjwa na mchinjaji wetu tu, na hatuichanganyi na maziwa. Katika nyumba ile mbuzi alipikwa kwa mtindi kila Ijumaa, na madamu mwenyewe ndiye aliyenipakulia.

Nikawa nakula dengu na mayai niliyochemsha kwenye sufuria yangu ndogo. Madamu alidhani nina vidonda vya tumbo. Sikumkatalia. Televisheni ya sebuleni ilionyesha vita vya Gaza kutwa nzima, nami sikujua neno "Myahudi" lingepokewaje mbele yake.

Asubuhi moja akaniambia, "Vaa viatu. Twende hospitali, wakuingize mpira tumboni waone."

Nilikuwa namlisha mtoto uji. Nikaweka kijiko chini.

"Madamu, siumwi. Ni dini yangu."

"Dini gani? Dada aliyekutangulia alikuwa Mkristo, na nyama alikula."

"Mimi si Mkristo. Ni Myahudi."

Alinitazama, akawatazama watoto wake, kisha akatoka. Nikasikia mlango wa chumba chake ukifungwa.

Nilifua, nikapiga pasi, masikio yote yakiwa kwenye mlango ule. Alikuwa akiongea kwenye simu kwa sauti ya chini. Nikajua tu ni ofisi ya wakala iliyonipeleka kazini pale. Nikaenda kukunja nguo zangu begini, ili nikifukuzwa nisianze kuhangaika mbele ya watoto.

Alasiri akaja jikoni.

"Nimeongea na mama yangu," alisema. "Ananiambia sisi Waislamu tumeruhusiwa chakula chenu. Sasa nyinyi mbona hamli chetu?"

"Sheria zetu zimebana zaidi, madamu."

"Samaki je?"

"Mwenye mapezi na magamba, nakula."

Akamtuma dereva sokoni. Kabla ya kutoka jikoni madamu akanisogelea. "Hilo la dini yako, usimwambie dereva. Wala wageni wangu. Umenisikia?"

"Nimesikia, madamu."

Samaki yule nilimla nimesimama, nikisikiliza kila gari lililopita nje. Nilibaki pale hadi mkataba ulipoisha, na hakuna aliyenigusa. Lakini wageni walipokuja, niliweka sinia chini upesi, nikarudi jikoni kabla mtu hajanikaribisha kula.