Maganda ya Kahawa ya Maman Nsimire

Papa Tambwe alikuwa mtu wa moto. Miaka kumi na miwili alilisha shodieri ya kiwanda kimoja karibu na mtaa wa Muhumba, lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji mpaka mvuke uzungushe mashine ya umeme. Chakula chake kilikuwa makaa ya mawe, yaliyotoka Kalemie kwa meli, kisha yakapanda milima kwa lori.

Mwaka mmoja mvua ilikata barabara. Rundo la makaa likabaki dogo kama kichuguu.

"Tambwe," akasema mkurugenzi, "changanya na maganda ya kahawa. Mvuke ukianguka, nafunga, na watu wote sitini wanarudi kwao. Na wewe pamoja nao."

"Ndiyo, citoyen directeur," akajibu Tambwe, maana siku zile kila mtu aliitwa citoyen, yaani mwananchi.

Tambwe akafanya alivyozoea. Makaa ya unga hunyunyiziwa maji kabla ya kutupwa motoni, yasipeperuke. Basi na maganda akayamwagia maji, ndoo nzima, kwa moyo safi. Moto ukakohoa. Moshi mweupe ukajaa chumba, na mshale wa kipimo cha mvuke ukaanza kushuka: nane, saba, sita.

Maman Nsimire, aliyekuwa akibeba maganda kutoka kwenye mashine ya kukobolea kahawa, akachungulia mlangoni.

"Papa Tambwe, unawasha moto ao unapika supu?"

"Maman, acha. Hii iko kazi ya wanaume."

"Ni kweli, naona wanaume wanatoka machozi. Miye napika na hii maganda tangu nilikuwa mutoto. Inapenda kukauka. Na usimwage yote pamoja, itafunika makaa. Tia kidogo kidogo, kama chumvi."

Tambwe akautazama mshale. Tano. Akameza kiburi chake, akaomba kikapu kikavu. Akatandaza makaa kwanza, akarusha maganda juu yake, koleo nusu nusu. Na kumbe kitu chepesi hivyo, ambacho hata pumzi inakirusha, kina moto mwingi ndani yake. Tanuru likavuma kama mvua juu ya mabati. Mshale ukasimama, ukatetemeka, ukapanda.

Wiki tatu, mpaka lori lilipofika, hakuna aliyerudishwa nyumbani. Mkurugenzi akashuka kumpongeza.

"Tambwe, uko na akili."

"Akili ni ya maman Nsimire, citoyen. Miye nilikuwa nazima moto."

Maman Nsimire alikuwa anaingia, ameinama, kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Tambwe akaweka koleo chini, akamtua ule mzigo kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuna mtu wa moto aliyewahi kumfanyia mbebaji pale.

"Aksanti, maman," akasema, mbele ya wote.